Yai zima ndani ya maikrowevu: Hatari inayopashwa moto hotelini Kitale na Bungoma

Asubuhi za Kitale zina baridi ya kukunja vidole. Kabla ya saa moja, hoteli ndogo zilizo karibu na steji huwa zimejaa madereva, makanga, wauzaji wa mahindi na walimu wanaosubiri gari la kwenda Kapenguria, Endebess au Webuye. Chai ya maziwa iko tayari kwenye chupa, mandazi yamepangwa ndani ya kabati la kioo, na kando yake kuna bakuli la mayai yaliyochemshwa, mengine tangu jana jioni.

Mteja akilalamika kwamba yai limepoa, hoteli iliyo na maikrowevu haina taabu. Mhudumu analichukua yai na ganda lake, analitia ndani ya mashine, anazungusha kitufe hadi dakika moja, kisha analirudisha mezani pamoja na chumvi na kachumbari.

Ukilitazama, ni yai tu. Ganda halijapata ufa na wala halitoi mvuke. Hatari imo ndani ya kiini, na mara nyingi haijitokezi mpaka kisu kiliguse, au jino.

Bungoma nako, hasa kwenye vyumba vya kupanga vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Kibabii na mtaa wa Kanduyi, maikrowevu imekuwa jiko la mwanafunzi na la kijana aliyeanza kazi juzi. Yai ndicho chakula cha kwanza kinachojaribiwa humo, kwa sababu ni rahisi kupatikana na halihitaji maandalizi. Lakini ni wachache waliowahi kuonyeshwa namna ya kulipika, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Kinachotokea ndani ya ganda

Maikrowevu haichomi chakula kutoka nje kama moto wa makaa. Hutoa mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.45, ambayo hutikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula mpaka zikapata joto. Mawimbi hayo hupenya sentimita chache tu, lakini yai ni dogo na la mviringo. Hupenya hadi katikati, tena umbo lenyewe huyakusanya upande wa kiini.

Kiini kimefungwa ndani ya utando wake. Nje ya utando kuna ute ulioganda, kisha ngozi nyembamba, kisha ganda. Vijifuko vya maji vilivyobanwa humo vinaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kugeuka mvuke, kwa kuwa havina nafasi ya kutanuka. Anayekata yai hilo ndiye anayevifungulia mlango. Maji hugeuka mvuke mara moja, na yai hupasuka kwa kishindo, likirusha kiini chenye moto.

Mwaka 2017, wataalamu wawili wa sauti nchini Marekani, Anthony Nash na Lauren von Blohn, walilichunguza jambo hili kwa sababu ya kesi. Mteja wa mkahawa alikuwa amedai kwamba yai lililopashwa kwenye maikrowevu lilimlipukia, likamuunguza na kumdhuru masikio. Wataalamu hao walipasha mayai yaliyochemshwa, yakiwa ndani ya maji, kwenye maikrowevu. Baadhi yalipasuka humo humo. Kati ya yaliyotoka mazima, takriban asilimia 30 yalilipuka yalipochomwa kwa kipimajoto chenye ncha.

Vishindo vilivyopimwa kwa umbali wa futi moja vilikuwa kati ya desibeli 86 na 133. Watafiti hao waliona kwamba uwezekano wa yai moja kumwondolea mtu usikivu ni mdogo. Waligundua pia kwamba viini vya mayai hayo mara nyingi vilikuwa na joto zaidi kuliko maji yaliyoyazunguka.

> Yai zima halitoi onyo. Linaweza kutulia sahanini, likalipuka karibu na uso.

Joto ndilo la kuogopwa. Madaktari wa macho nchini Uingereza wamewahi kuandika katika majarida ya tiba kuhusu watu walioumia jicho baada ya yai la maikrowevu kuwapasukia. Mtu anapolimenya au kulikata yai huinama juu yake, na uso unakuwa sentimita chache kutoka kwenye kiini. Mtoto aliyeketi mezani yuko karibu zaidi, kwa kuwa kidevu chake kinalingana na sahani.

Kumenya ganda hakuondoi hatari, kwa sababu utando wa kiini ungali mzima. Kutoboa ganda kwa pini, mbinu inayopendwa sana na wanafunzi, hakutoshi pia, maana tundu la pini haliwezi kutoa mvuke kwa kasi ile unayozaliwa nayo.

Jambo hili si geni kwa mashine yenyewe. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani aliyegundua matumizi haya ya mawimbi ya rada mwaka 1945, alianza na chokoleti iliyoyeyuka mfukoni mwake, akaendelea na bisi. Inasimuliwa kwamba jaribio lake la tatu lilikuwa yai, nalo likamrukia usoni mwenzake aliyesogea kutazama. Yai limekuwa likilipuka tangu siku za mwanzo za maikrowevu, na bado kuna anayeliweka zima.

Mashine imefika bila kitabu

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzani wa takriban kilo 340. Ile ndogo ya kuwekwa mezani ilienea Marekani kuanzia mwaka 1967. Huku kwetu, nyingi hufika kwa njia mbili: mpya kutoka supamaketi na maduka ya vifaa vya stima, au kuukuu zinazouzwa kwa jina la ex-UK.

Hizo za ex-UK zinapendwa kwa sababu ya bei, na pia kwa sababu Uingereza na Kenya zinatumia plagi ileile ya pini tatu na stima ya volti zinazokaribiana. Mnunuzi anafika nyumbani, anachomeka, taa inawaka, sahani ya kioo inazunguka.

Asichopewa ni kijitabu cha maelezo. Kilibaki jikoni kwa mwenye mashine wa kwanza huko ng'ambo, na hata kingekuja, kimeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo. Onyo la kutopika yai na ganda lake limo karibu katika kila kijitabu cha maikrowevu. Huku limepotea njiani.

Ujuzi wetu wa jikoni hurithishwa kwa macho. Msichana wa Chwele au mvulana wa Kiminini hujifunza moto wa kuni kwa kukaa karibu na mama au shangazi yake, akijua ni lini ukuni utolewe na ni lini makaa yafukiwe. Jiko la gesi lilipoingia mijini, jirani alimfundisha jirani namna ya kufunga mtungi. Maikrowevu imeingia chumbani kwa kijana anayeishi peke yake, na mama yake hajawahi kuigusa. Anajifunza kwa kukisia.

Serikali inasema pikeni kwa stima

Suala hili lisingestahili ukurasa mzima kama maikrowevu ingebaki kifaa cha matajiri wa mtaa wa Milimani. Lakini Kenya imejiwekea lengo la kuwafikishia wananchi wote upishi safi ifikapo mwaka 2028, na stima ni sehemu ya mpango huo. Kenya Power ina kampeni yake ya Pika na Power, inayowahimiza wateja kutumia vifaa vya umeme jikoni.

Safari ni ndefu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini zilitegemea kuni kupika, na asilimia 23.9 gesi. Waliotegemea stima hawakufika asilimia moja. Trans Nzoia na Bungoma ni kaunti za wakulima, na kuni, mabua na magunzi ya mahindi bado ndiyo yanayochemsha chungu katika boma nyingi.

Na moshi huo unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaoivuta zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na mafiga.

Gesi nayo imeyumba na kodi. Mwezi Julai 2021 ilitozwa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, kisha kodi hiyo ikaondolewa mwaka 2023. Familia iliyonunua mtungi wa kilo sita wakati wa nafuu ikajikuta imerudi kwenye makaa kodi ilipopanda.

Stima yenyewe ipo. Bwawa la Turkwel, kaskazini mwa Kitale katika kaunti ya Pokot Magharibi, limekuwa likizalisha umeme tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hiyo mtu anayepika kwa stima Kitale hachomi mti.

Ila lazima iwake. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, na Desemba mwaka huohuo giza likarudi. Wakazi wa magharibi hawahitaji kukumbushwa tarehe hizo, kwani wana giza lao dogodogo la jioni. Hata stima isipopotea, nguvu zake hushuka watu wengi wanapowasha vifaa kwa pamoja, na maikrowevu iliyozoea kuivisha yai kwa dakika moja inaliacha bichi katikati.

Wenye jiko la makaa

Wanaoitilia shaka maikrowevu nao wana hoja, na si wa kupuuzwa.

Wa kwanza ni wauza mayai pasua. Jioni utawaona kwenye steji ya Kitale, kwenye kona za Kanduyi na kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba, na ndoo ya mayai moto, sahani ya kachumbari na chupa ya pilipili. Yai linapasuliwa kwa kisu, linajazwa kachumbari, linafungwa kwa kipande cha karatasi, na mteja anakula akitembea. Kwa wengi wao trei moja ya mayai 30 ndiyo mtaji wa siku.

Mwinuko unawagharimu kuliko wenzao wa pwani. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye joto la takriban sentigredi 94, si 100. Bungoma, iliyo chini kidogo, ni kama 95. Yai la Kitale linahitaji muda mrefu zaidi motoni kuliko la Mombasa ili kiini kigande vyema, na muda ni makaa.

Wauzaji hawa wakiambiwa kuhusu maikrowevu, wengi huona ni kitu cha kuwanyang'anya wateja. Nadhani hofu hiyo haina msingi. Maikrowevu hufaa yai moja, mawili, labda matatu yaliyovunjwa. Trei nzima haichemshwi humo, na haipaswi kujaribiwa. Sufuria na moto vitabaki kuwa vya muuzaji. Anachohitaji ni jiko linalokula makaa machache.

Wa pili ni wenye nyumba. Ploti nyingi za bedsita zina mita moja ya tokeni kwa wapangaji kadhaa, na mgogoro hauishi: nani ametumia nini. Wapo waliopiga marufuku koili za kupikia baada ya nyaya kuungua, na maikrowevu imeingizwa kwenye marufuku hiyohiyo. Koili iliyo wazi, inayowashwa saa nzima kupika maharagwe, ni mzigo mkubwa na ni hatari ya moto. Maikrowevu ya kawaida ndogo huvuta wati 1,100 au 1,200 hivi, lakini kwa dakika mbili tu. Hiyo ni takriban uniti 0.04. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30, yai limegharimu shilingi moja na ushee.

> Dakika mbili za maikrowevu hula stima ya shilingi moja na ushee. Koili ya saa nzima ni hesabu nyingine.

Mwenye nyumba ana haki ya kudai soketi imara na waya mnene. Hana haki ya kumlazimisha mpangaji arudi kwenye jiko la makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha, ambako gesi ya sumu imewaua watu usingizini.

Wa tatu ni wazee, na wengi ni akina mama. Wanaamini kwamba mawimbi hubaki ndani ya chakula na kuleta saratani. Hofu hiyo inatoka kwa mtu anayejali walaji wake, basi ijibiwe kwa heshima. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za urithi kama eksirei, na hukoma mara mlango unapofunguliwa au mashine inapozima. Yai halibaki na chochote isipokuwa joto. La kuangalia ni mlango: ukipinda au mpira wake ukiraruka, mashine isitumike, na kwa mashine kuukuu za ex-UK hilo lichunguzwe kabla ya kulipa.

Nyanda hizi zimewahi kubadili fikra kuhusu yai. Zamani, miongoni mwa Wabukusu na Waluhya wengine, kuku na mayai havikuwa chakula cha wanawake. Mama alimfuga kuku, akampika, akawaandalia wageni, lakini hakuonja. Mwiko huo ulilegea taratibu kupitia shule, makanisa na kliniki za wajawazito, na leo muuguzi wa Bungoma humwambia mama mja mzito ale mayai. Waliobadili jambo zito kama hilo hawatashindwa na namna ya kupasha moto.

Kuvunja ndiyo kanuni

Yai la maikrowevu likipikwa sawasawa ni chakula kizuri, laini, tena halihitaji mafuta. Kanuni ya kwanza ni kwamba ganda halikanyagi ndani ya mashine, liwe la yai bichi au lililochemshwa.

Chukua kikombe cha kauri au cha kioo. Vunja mayai mawili, tia vijiko viwili vya maziwa na chumvi kidogo, kisha uyapige kwa uma mpaka kiini na ute vichanganyike kabisa. Kikombe kisijae zaidi ya nusu, kwa sababu mayai huumuka. Pika sekunde 30, toa, koroga ukitoa pembeni kuleta katikati. Rudisha sekunde 20 au 30, koroga tena. Yakiwa yamekaribia kukauka, yaache nje dakika moja yamalizie kuiva kwa joto lake. Ukingojea yakauke ndani ya mashine, utakula mpira.

Anayependa kiini kizima anaweza kumimina yai kwenye kikombe chenye maji ya kulifunika, akakitoboa kiini mara kadhaa kwa kijiti cha meno hadi ndani, akafunika kwa kisosi na kutumia nusu ya nguvu ya mashine. Kutoboa huko ndiko kunakoupa mvuke njia, kwa hiyo kusirukwe hata kama mtu ana haraka.

Kukoroga kuna sababu nyingine. Maikrowevu haisambazi joto sawasawa. Upande mmoja unaweza kuungua huku mwingine ukiwa vuguvugu. Vijidudu vya salmonela hufa chakula kinapofika sentigredi 70 kote. Dhana kwamba yai la kienyeji halina vijidudu hivyo ni ya kuachwa. Kuku wa kienyeji na wa gredi wote wanaweza kuvibeba, na ganda lenye kinyesi si salama kwa sababu tu kuku amezunguka shambani.

Chombo nacho ni suala la kwetu hasa. Vikombe vya bati vilivyopakwa rangi, vilivyojaa kabatini katika nyumba za magharibi, ni chuma chini ya ile rangi, na hutoa cheche. Sufuria za alumini ni vivyo hivyo. Sahani za melamini zenye maua, zile za kuandalia wageni, hupata moto zenyewe na haziwekwi humo. Mikebe ya majarini hulegea na kuyeyuka. Kioo na kauri isiyo na mstari wa dhahabu ndivyo vya kutegemewa.

Yai likimpasukia mtu, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na ute wa yai, vinavyopakwa sana huku kwetu, hufungia joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Jicho lioshwe kwa maji mengi, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema anaona.

Nani afundishe

Kampeni ya upishi wa stima itawafikia watu wa Kitale na Bungoma pale itakapopika mbele yao. Wiki moja ya maonyesho sokoni Chwele, au siku ya wazi pale Kibabii na katika Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kitale, itafanya kazi ambayo matangazo ya redio hayawezi. Maafisa wa afya ya umma, ambao tayari hupita hotelini kukagua vyeti vya wahudumu na usafi wa majiko, wana nafasi ya kuuliza swali moja la ziada: mayai yaliyopoa mnayapashaje?

Wauzaji wa mashine nao wana deni. Stika moja ya Kiswahili juu ya mlango, yenye maneno yasiyozidi kumi, ni gharama ndogo sana kwa duka linalouza kifaa cha maelfu ya shilingi.

Kwa mwenye hoteli, kazi inaweza kuanza kesho alfajiri. Mayai yachemshwe ya kutosha asubuhi hiyo, yasilale nje usiku kucha. Mteja akitaka yai moto, liwekwe ndani ya bakuli na kumiminiwa maji yaliyochemka, lifunikwe kwa dakika chache hadi ganda lipate moto mkononi. Akisisitiza maikrowevu, limenywe, likatwe vipande vinne hadi kiini kionekane, lifunikwe, lipashwe kwa sekunde chache, na lifike mezani hivyo hivyo likiwa limekatwa.